Ukitaka kupunguza mwili huku moyo umekuwa mzito: pa kuanzia

Saa nne usiku, kwenye kona ya mtaa wetu hapa Tudor, Mombasa, karai bado iko motoni. Mama muuza viazi alikuwa ameshanizoea. Haulizi nataka nini, anauliza kiasi tu. "Vya mia, babangu?" Naam, vya mia. Viazi karai vyenye ngozi ya manjano, ukwaju juu, pilipili pembeni, ndani ya kipande cha gazeti. Navila wima huku namtazama paka wa jirani. Nikifika mlangoni kwangu vidole vinateleza kwa mafuta, lakini ukiniuliza vilikuwa vitamu au vilizidi chumvi, sina jibu. Na hapo nyumbani nilikuwa nimeshakula.

Ilikuwa baada ya kazi kukauka. Nilikuwa karani katika shughuli za forodha, na mizigo ilipolazimishwa kupanda reli kwenda bara, mwaka 2019, wengi wetu tulibaki na kalamu bila fomu ya kujaza. Katika mwaka mmoja niliongeza kilo 11. Nilijaribu kuzipunguza mara 4, na mara zote nilianza kwa mizani, nikaapa, nikajinyima siku tano, ya sita nikarudi kwenye karai.

Nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni kwamba nilishika kazi mkiani. Mtu mwenye moyo mzito hana nguvu za kufuata mipango iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye furaha. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha tafiti zilizofuata watu kwa miaka, wakakuta kwamba mwenye sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, ana uwezekano wa asilimia 58 zaidi wa kuja kunenepa kupita kiasi, na aliyenenepa kupita kiasi ana uwezekano wa asilimia 55 zaidi wa kuja kupata sonona. Kila mmoja humvuta mwenziwe. Basi mwongozo huu unaanza na moyo, na mizani nimeiweka mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Pima moyo kwanza

Sisi watu wa Pwani tuna maneno mengi ya kukwepa jambo hili. "Nimechoka tu." "Sina raha." "Kuna hasadi." Wanaume ndio mabingwa, tunasema jua kali. Lakini madaktari wana maswali mawili mepesi unayoweza kujiuliza ukiwa peke yako. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au asiye na matumaini? Kila swali lipe alama: 0 kama hakuna kabisa, 1 kama ni siku kadhaa, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kama ni karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au kuzidi, nenda ukazungumze na mhudumu wa afya. Alama hizo hazikupi jina la ugonjwa. Zinakuonyesha mlango wa kubisha.

Angalia pia upande ambao chakula kimekwenda. Moyo mzito hauwafanyi watu wote wale sana. Wapo wanaokula bila kushiba na kulala kama gogo, na wapo ambao tonge linakwama kooni, nguo zinawalegea, na watu wanawapongeza kwa kukonda. Ukiwa wa kundi la pili, habari za kupunguza mwili ziache kabisa kwa sasa. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako ndani ya mwezi bila kukusudia, yaani kilo 3 na nusu kwa mtu wa kilo 70, ni jambo la kupeleka hospitali. Wakati unasubiri, kula kidogo kila baada ya saa tatu: uji wa wimbi wenye maziwa, supu ya samaki, ndizi mbivu, yai. Usingoje njaa ije, maana huenda isije.

Kabla hujaamua kwamba tatizo ni uvivu, omba upimwe damu. Tezi ya shingo ikifanya kazi pole pole, mtu hunenepa, huchoka na huhuzunika kwa pamoja. Upungufu wa damu na kisukari navyo huchosha. Na mwambie daktari dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi huongeza hamu ya kula, na amitriptyline ni mojawapo, hata ukiwa umepewa kwa ajili ya maumivu ya mishipa au usingizi. Usiikate mwenyewe. Uliza kama kuna nyingine.

Pa kwenda: kituo cha afya cha karibu kwanza, kisha Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, au hospitali ya Port Reitz, ambayo ina kitengo cha afya ya akili. Wengine huona haya kutajwa Port Reitz. Nami niliona. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nimevuta kofia hadi nyusi, nikamkuta hapo hapo mtu ninayekunywa naye kahawa barazani, naye kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kama unasomewa na shehe au unaombewa na mchungaji, endelea, ila daktari naye apate zamu yake. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usiyasubirishe hata hadi asubuhi: mwamshe mtu wa nyumbani, nenda hospitali, au piga 1199, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haitozi.

Hatua ya 2: Daftari la siku 7

Nunua daftari la mtoto wa shule. Kwa wiki moja usibadilishe chochote. Kula ulivyozoea, lakini kila unapotia kitu mdomoni andika saa, andika ulichokula, na andika kilichotokea kabla yake. Hicho cha tatu ndicho chenye thamani.

Changu kilisema hivi, siku ya Jumanne: "Saa nne usiku. Viazi vya mia na soda. Kabla yake: nilisoma ujumbe wa mwenye nyumba." Alhamisi: "Saa nne na robo. Viazi vya mia. Kabla yake: nimekaa gizani, hakuna kitu." Siku 5 kati ya 7 saa ni ile ile. Mchana nilikuwa nakula vizuri tu, tena kidogo. Miezi yote ile nilikuwa nimepiga vita chapati ya mchana isiyo na hatia.

Wewe huenda ukakuta ni saa kumi alasiri watoto wanaporudi, au ni Jumapili, au ni kila baada ya kupigiwa simu na mtu fulani. Ukishapata saa yako, kazi imepungua nusu. Humo daftarini weka alama kwenye njaa pia. Njaa ya tumbo huja taratibu na hukubali chochote, hata muhogo wa jana. Njaa ya moyo huja ghafla, huchagua, na haiishi ukishiba.

Hatua ya 3: Usingizi

Nimeuweka kabla ya chakula kwa makusudi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Chicago walichukua vijana 12 wenye afya, wakawapa saa 4 tu za kulala kwa usiku 2. Homoni inayoambia mwili kwamba umeshiba ilishuka kwa asilimia 18, na ile inayoleta njaa ikapanda kwa asilimia 28. Walichotamani zaidi ni vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Yaani vijana wazima, wasio na deni la mwenye nyumba, walisukumwa kwenye karai kwa usiku mbili tu za kukesha.

Mombasa usingizi una adui zake: joto la kaskazi, mbu, muziki wa harusi ya jirani. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kama unaweza, oga maji ya kawaida kabla ya kulala, neti iwe nzima. Chai nzito na kahawa tungu ziishe alasiri. Simu ilale chumba kingine. Amka saa ile ile kila siku, hata kama umelala vibaya, na utoke uone mwanga wa asubuhi.

Kwa wanaotafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa: unakata njaa na usingizi kwa mpigo mmoja, na ukiisha mwilini moyo unashuka chini kuliko ulipokuwa. Siwezi kukupa hatua nyingine yoyote ikafanya kazi kama hii imebaki pale pale.

Hatua ya 4: Kula kwa saa, usijinyime

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwapa vijana 36 waliojitolea karibu nusu ya chakula chao kwa miezi 6. Ancel Keys, aliyeongoza jaribio hilo, alitaka kujua mwili ulioshindishwa njaa unarudishwaje. Lakini vijana wale walibadilika na moyo pia. Wakawa wanyonge, wakali, wanajitenga, wanaota chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Waliingia wakiwa na afya ya akili. Sasa chukua mtu ambaye tayari ni mnyonge, umpe maji ya ndimu na tango kwa siku 7 kama zile dayati zinazozunguka kwenye simu, uone atafika wapi.

Mfano wa upande wa pili upo. Huko Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, Felice Jacka na wenzake walifuata watu 67 wenye sonona kwa wiki 12. Waliosaidiwa kubadilisha chakula, wakala samaki, jamii ya kunde, mboga, matunda na karanga zaidi, karibu theluthi moja walitoka kwenye sonona. Kwa waliopewa mtu wa kuzungumza naye tu, ilikuwa asilimia 8. Na uzito wao haukubadilika kwa maana yoyote. Moyo ulitangulia kilo.

Chakula hicho Mombasa hakihitaji duka la vioo. Mbaazi ni jamii ya kunde. Kibua ni samaki wa mafuta mazuri na ndiye wa bei nafuu. Mchicha na mchunga wako soko la Kongowea kwa fungu. Ninavyofanya mimi:

Asubuhi, saa moja na nusu, mahamri 2 na bakuli zima la mbaazi. Zamani ilikuwa mahamri 5 na mbaazi za kuchovya. Mbaazi napika kwa tui jepesi, na kasimele, lile tui zito, natia kijiko kimoja mwishoni ili harufu ipatikane, maana mbaazi bila harufu ya nazi ni adhabu na mtu mwenye moyo mzito ameshaadhibiwa vya kutosha. Mchana, saa saba, nusu ya sahani ni mboga, robo ni samaki au maharagwe, robo ni wali au sima. Jioni, mara baada ya Magharibi, kitu kama hicho lakini kidogo.

Halafu ile saa yako mbaya. Usiiache tupu, ipangie. Mimi saa tatu na nusu usiku nilijiwekea embe au kipande cha papai na kikombe cha maziwa, nile nimekaa mezani, taa imewashwa. Viazi karai sikuviharamisha. Vimehamia Jumamosi saa kumi na moja jioni, tunavila na mke wangu na watoto, sahanini. Vya mia vinatutosha watu wanne.

Sukari nayo ipewe jicho. Vikombe 5 vya chai kwa vijiko 3 ni vijiko 15, karibu gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hizo. Soda ya kola ya mililita 300 peke yake ina kama gramu 32. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautagundua. Mimi niligundua, lakini nilinyamaza.

Hatua ya 5: Raba kwanza, hamu baadaye

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wanangoja wajisikie. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jambo hili miaka ya 1970: mtu akishuka moyo huacha vitu vilivyokuwa vikimpa raha, akiviacha raha hupungua, raha ikipungua anazidi kuviacha. Tiba iliyotokana na mawazo hayo inageuza mpangilio: panga kitendo kidogo kwenye saa maalumu, kifanye ukiwa na hamu au huna, na uache hamu ifuate kwa miguu yake.

Wiki ya kwanza lengo langu lilikuwa kuvaa raba baada ya Alfajiri na kusimama nje ya mlango. Hilo tu. Ukishasimama nje na raba miguuni, kurudi ndani ni aibu mbele ya muuza maziwa, kwa hiyo unatembea. Dakika 5 kwenda, dakika 5 kurudi. Usizidishe hata ukijisikia vizuri. Mtu aliyezidisha Jumatatu huonekana kitandani Jumanne.

Wiki ya tatu nenda dakika 20. Ukifika mwezi wa pili lenga dakika 30, siku 5 za wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima. Siku 2 kati ya hizo ongeza kazi ya misuli: kaa na inuka kitini mara 10, sukuma ukuta mara 10, pumzika, rudia. Anayepandisha mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya nne kwa sababu mfereji umekauka ajihesabu ameshafanya.

Jua letu halina mzaha, hasa Januari hadi Machi. Tembea kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na maji ya kunywa yawe karibu. Mama Ngina ni pazuri sana, bahari upande mmoja na mibuyu upande wa pili, lakini usiifanye sharti. Ukisema utatembea siku utakapopata nauli ya kwenda Mama Ngina, umeshajipa ruhusa ya kukaa. Mzunguko wa msikitini unatosha.

Shemeji yangu wa Kisauni alikuwa akisumbuliwa na maneno ya vijana njiani hadi akaacha kutembea. Sasa wanatoka watatu, majirani, na mabuibui yao na raba chini, saa kumi na moja jioni. Anasema faida kubwa si miguu. Asipotokea, wawili wanagonga mlango.

Usitarajie kutembea peke yake kukukondesha haraka. Dakika 30 hazilipi hata soda na mahamri mawili. Kutembea ni kwa ajili ya moyo na usingizi, na hivyo viwili ndivyo vitakavyokuzuia kwenye karai.

Hatua ya 6: Andika mpango wa siku mbaya ukiwa kwenye siku nzuri

Siku mbaya itakuja. Itakukuta umelala hadi adhuhuri, simu imezimwa, na sauti ndani yako inasema, ukishaharibu asubuhi haribu na jioni. Karatasi yangu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati na ina mistari mitatu. Oga. Kula kitu kimoja chenye mbaazi, samaki au yai. Simama nje ya mlango hadi mtu mmoja akusalimie.

Kesho yake endelea na ratiba ya kawaida. Usifunge kulipa kisasi cha jana.

Hatua ya 7: Watu na midomo yao

Kwetu mwili wa mtu ni mali ya mtaa. Ukinenepa, "Mashallah, umenawiri." Ukikonda, "Una nini, mbona umekwisha?" Yote mawili husemwa kwa mapenzi na yote mawili yanaweza kukulaza na njaa au kukutuma kwenye karai. Mimi nimepata jibu moja la kazi zote: "Alhamdulillahi, niombee dua tu," kisha nauliza habari za watoto wake. Hakuna anayerudi kwenye kiuno chako ukimuuliza watoto.

Kwenye harusi na hitima, kukataa pilau ni kumkataa mwenye shughuli. Usikatae. Pokea sahani, anza na kachumbari na nyama, kula pole pole, na ukiongezwa sema: "Shangazi, nimeshiba kweli, nifungie nikale kesho." Shangazi huwa anapenda kufunga.

Mchague mtu mmoja nyumbani umwambie ukweli, na umwambie pia unachotaka afanye. Nilimwambia mke wangu: "Usinihesabie mahamri. Niamshe tu Alfajiri." Kabla ya hapo alikuwa akinihesabia, nami nikawa nakula kwa kificho, nje, wima.

Na ukiwa wewe ndiye wa karibu na mtu wa namna hii, mwite mtembee pamoja. Maneno "jikaze" na "punguza kula" yaache.

Hatua ya 8: Sasa mizani

Baada ya wiki 4 za hayo yote, si kabla. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kabla ya kula. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji na chumvi tu, kwa hiyo anayepima kila siku anajitafutia huzuni bure. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Kuna wiki hutapungua kitu. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito wako, kilo 4 na nusu kwa mtu wa 90, shinikizo la damu na sukari huanza kukuonyesha tofauti.

Azima futi ya fundi cherehani upime kiuno pia, usawa wa juu kidogo ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume akizidi 94, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inaanza kupanda. Kwenye 88 na 102 imepanda sana. Mara nyingi futi husema habari njema wiki mbili kabla ya mizani.

Andika namba mbili hizo kwenye daftari lile lile, na pembeni yake rudia maswali mawili ya hatua ya kwanza, utie alama. Kilo zikishuka na alama za moyo zikapanda, simamisha kupunguza mwili, rudi kwa daktari. Sina mizani nyumbani, niliitoa. Kila Ijumaa asubuhi napita kwa kijana mwenye mizani yake kando ya barabara, Mwembe Tayari. Navua raba, napanda, anasoma namba kwa sauti kubwa kama kondakta, nalipa shilingi 10, natia daftari mfukoni.